Uzi: Msimu mzima wa baridi Melaque, mji mdogo wa pwani ya Mexico

Mtanga wa Calgary

Wakuu habari za humu. Tangu nigusie jambo hili kwenye uzi wa baridi ya Kanada watu wamenitumia maswali mengi faragha, nikaona heri niyalete hapa. Mwenye swali aulize, anayejua zaidi yangu aongeze.

Mimi kazi yangu ni kutandika lami. Ardhi ya Calgary, mkoa wa Alberta huku Kanada, ikishaganda mwezi wa 11, mitambo inapaki hadi mwezi wa 4. Miaka nenda miaka rudi muda huo nilikuwa naumalizia ndani, mapazia yamefungwa, nje nyuzi 25 chini ya sifuri, huna hata jirani wa kumsabahi. Msimu uliopita mimi na mke wangu (watoto wameshajitegemea) tulifunga nyumba tukaenda kuishi Melaque, jimbo la Jalisco, pwani ya Pasifiki. Nasema kuishi kwa maana yake: kupanga nyumba, kununua gesi, kujulikana na muuza nyanya.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa mtu wa kwetu, mji mdogo kama ule kwa msimu mzima ni bora mara nyingi kuliko wiki moja kwenye zile hoteli za kuta ndefu, unalipia kila kitu kwa mkupuo na unaondoka hujamjua Mmexico yeyote isipokuwa aliyekutandikia kitanda. Baridi ya Kanada inamchosha mtu wa pwani kwa upweke zaidi kuliko kwa barafu. Melaque watu wanakaa nje. Jioni viti vinatolewa mbele ya nyumba, wazee wanazungumza, watoto wanacheza mpira njiani, ukipita unasalimia na unasalimiwa. Hilo ndilo lililoniponya, jua lilikuja kuongezea tu.

Mahali penyewe ni ghuba moja yenye miji miwili. Upande mmoja ni San Patricio-Melaque, upande wa pili ni Barra de Navidad, na katikati ni ufuo ambao ukiamua unaumaliza kwa miguu asubuhi kabla jua halijakolea. Barra imekaa kwenye ulimi mwembamba wa mchanga: mbele bahari, nyuma hori kubwa la maji ya chumvi lenye mikoko. Boti ndogo zinakuvusha hori hadi Colimilla, kijiji cha ng'ambo, unakula samaki, unarudi.

Hali ya hewa: Novemba hadi Mei mvua ni ya nadra sana. Januari mchana ni nyuzi 27 au 28, usiku inashuka hadi 18 hivi na wenyeji wanavaa masweta. Ni Tanga ya mwezi wa 7. Kuanzia Juni mambo yanageuka, joto la kukaba na vimbunga. Tarehe 23 Oktoba 2015 kimbunga Patricia kiliingia nchi kavu kwenye pwani hiyohiyo ya Jalisco, baada ya kupimwa baharini kikiwa na upepo wa kilomita 345 kwa saa. Kwa hiyo msimu wa kwenda ni mmoja tu na wenyeji nao wanapanga mwaka wao kwa kuufuata.

Ukifika Barra ingia kanisani. Utaona Kristo msalabani mikono yote miwili imeshuka, imelala ubavuni. Tarehe 1 Septemba 1971 kimbunga Lily kilipopiga, watu walikimbilia mle ndani. Mikono ya ile sanamu ikakatika, na waumini wanasimulia kwamba papo hapo upepo ukatulia. Hawakuitengeneza. Imebaki hivyo hadi leo, na mama aliyetuonyesha alishusha sauti kabisa alipokuwa anaeleza. Mimi si wa dhehebu lao, lakini nilikaa kwenye benchi muda mrefu.

Kodi ya nyumba: tulilipa peso 14,000 kwa mwezi, chumba kimoja cha kulala, jiko na paa la kukaa jioni, mitaa mitatu kutoka baharini. Karibu na mchanga bei inapanda sana. Maji ya bomba hayanywewi, unanunua dumu la lita 20 na gari linapita mtaani likitangaza. Gesi nayo inapita hivyohivyo.

Nitaendelea na makaratasi kwa sababu ndiko watu wanakoumia. Ulizeni.

Sokoine Drive

Shukrani kwa uzi mkuu. Mimi nina pasipoti ya Tanzania, ukaazi wa kudumu wa Kanada. Mexico wanataka viza?

Mtanga wa Calgary

Mkuu, kwa pasipoti ya Tanzania au Kenya viza inatakiwa. Ila ukiwa na ukaazi wa kudumu wa Kanada, Marekani, Uingereza, Japani au nchi za Ulaya za Schengen, au viza hai ya nchi hizo, unaingia bila viza ya Mexico. Beba kadi yenyewe, si kivuli chake. Ndugu walioko nyumbani wanaomba ubalozi wa Mexico ulioko Nairobi.

Muda wa juu ni siku 180, lakini afisa wa mpakani ndiye anayekupangia na anaweza kukuandikia pungufu. Mwambie waziwazi unakaa hadi lini, mwonyeshe tiketi ya kurudi na mkataba wa nyumba, halafu soma alichoandika kabla hujaondoka dirishani. Na ruhusa hiyo si ya kufanya kazi kwa mwajiri wa Mexico.

Sasa upande wa Kanada, hapa naomba msome taratibu. Kadi ya afya ya Alberta inakutaka uwepo mkoani angalau siku 183 ndani ya miezi 12. Ukaazi wa kudumu unakutaka siku 730 ndani ya miaka 5. Kama unasubiri uraia, unahitaji siku 1,095 ndani ya miaka 5 kabla ya kuomba, na siku za ufukweni hazihesabiwi. Na kwa sisi wa kazi za msimu: mafao ya kukosa kazi kwa kawaida hayalipwi ukiwa nje ya nchi. Kuna watu wanaendelea kujaza fomu wakiwa Mexico kana kwamba wako nyumbani. Msifanye hivyo, serikali ikigundua inadai fedha zake zote pamoja na adhabu. Sisi tulikwenda kwa akiba ya kiangazi.

Bint Lamu

Nyongeza kwa wa Ontario: kwetu kadi ya afya inataka siku 153 kwa miezi 12. Na kadi ya mkoa ikiwa hai bado chukueni bima ya safari, maana hospitali binafsi huko hudai malipo kwanza.

Kaka, maswali yangu mawili. Ramadhani sasa inaangukia Februari na Machi, mtu anafungaje huko? Na chakula, nyama ya nguruwe inaepukika?

Mtanga wa Calgary

Dada, kufunga ni rahisi kuliko Ontario ya Juni. Kipindi hicho mchana ni kama saa 12, unafungua kwa maembe na dafu. Msikiti Melaque hakuna. Jumuiya ya Waislamu iko Guadalajara, mji mkuu wa Jalisco, mwendo wa saa tano au sita kwa basi.

Nguruwe wenyewe unamwona na kumwepuka. Kinachopita bila kuonekana ni mafuta yake. Wanayaita manteca, yanatiwa kwenye maharage ya kuponda, kwenye tamales (unga wa mahindi uliofungwa na kupikwa kwa mvuke), hata kwenye mikate mingine. Uliza kila mahali: «¿lleva manteca?», yaani kina manteca? Hawachukii, wanajibu kwa ukweli. Tortilla, zile chapati za mahindi za dukani zinazouzwa kwa kilo ni mahindi, chokaa na maji, na samaki ni wa kumwaga. Wavuvi wakirudi asubuhi unachagua mwenyewe, anaparuliwa magamba mbele yako.

Vinywaji ndivyo vitakavyokushangaza. Juisi ya ukwaju ipo kila mgahawa. Juisi ya choya ipo kila mgahawa, nyekundu ileile. Mke wangu alipowekewa glasi ya kwanza ya ukwaju alinyamaza kidogo, akaomba ya pili.

Na kuna tuba. Naileta peke yake maana ndiyo iliyonifanya niupende mji ule kwa namna nyingine kabisa.

Asubuhi moja sokoni nikamwona mzee amebeba mzega, kila upande kibuyu kikubwa, mdomo umezibwa kwa gunzi la mahindi. Anamimina kimiminika cheupe chenye povu, anatupia karanga juu, anakupa. Nikanusa kabla sijaonja. Wakuu, lilikuwa tembo la mnazi. Tembo tamu la asubuhi, lile la kabla halijachachuka! Wengine wanalitia rangi kwa kiazi chekundu (bitiruti) na vipande vya tufaha, lakini mzee huyu aliuza jeupe pia.

Nilimuuliza kwa Kihispania changu cha kuokoteza, akanionyesha minazi nyuma ya mji. Imechanjwa vidato kuanzia chini hadi juu, kama ile ya bibi yangu Pangani.

Nikauliza tuba ilifika huko kutoka wapi, kila mtu akanijibu Ufilipino. Na historia inakubali. Novemba 1564 Mhispania Miguel López de Legazpi aling'oa nanga hapohapo Barra de Navidad kwenda Ufilipino. Mwaka uliofuata Andrés de Urdaneta, mtawa na baharia aliyesafiri naye, akapata njia ya bahari ya kurudi, na kuanzia hapo merikebu zikawa zinakwenda Manila na kurudi Acapulco, bandari ya Mexico, kwa miaka 250, hadi 1815. Mabaharia wa Kifilipino wengi walibaki kwenye pwani hii, hasa jimbo la Colima, ambako kutoka Melaque ni jirani tu. Wakapanda minazi, wakagema, wakatonesha pia pombe kali ya mnazi, yaani kuchemsha tembo na kukusanya matone ya mvuke wake, hadi serikali ya Wahispania ikaipiga marufuku. Wapo watafiti wanaoona kwamba ule ujuzi wa kutonesha ndio uliosaidia kuanzisha mezcal, pombe kali ya mmea unaofanana na mkonge, na tequila ni mtoto wa mezcal.

Mgema wa Msambweni

Mwanangu umenifurahisha sana leo. Mimi nimegema miaka mingi kabla ya magoti kukataa. Nieleze vizuri: huyo mzee wa huko anakwea mara ngapi kwa siku? Anakatia nini? Kwetu mgema analifunga karara (ala ya maua ya mnazi) kwa ukamba kabla halijafunguka, anakata ncha kidogo kidogo kwa kotama, kisu cha mgema, asubuhi na jioni. Akichelewa siku moja jeraha linakauka, mnazi unakataa kutoa. Na chombo lazima kioshwe, la sivyo tembo linachacha kabla halijafika chini.

Mtanga wa Calgary

Shikamoo mzee wangu. Ni vilevile, asubuhi na jioni. Kisu chake ni kipana, kimepinda kidogo, anakinoa kwa jiwe kabla ya kukwea na kukijaribu kwenye unywele wa mkono. Ncha ya karara anaikata nyembamba kama ganda la kitunguu, anaifunga upya, chini anatega chombo. Siku hizi chombo juu ya mti ni cha plastiki, kibuyu ni cha kuuzia. Analalamika vijana hawataki kukwea, wanaona ni kazi ya hatari yenye hela ndogo, na wanunuzi wanataka soda.

Nilimwambia kwetu Afrika mashariki wapo wanaofanya kazi yake kwa mikono ileile. Alinishika bega akauliza kama huko nako wanatia karanga.

Mgema wa Msambweni

Marahaba. Mwambie karanga hatutii. Tunanywa na samaki wa kukaanga. Vijana wa huku ni hivyohivyo, minazi inazeeka na wagema tunazeeka nayo.

Nyamongo

Tuwe wakweli mkuu. Mexico ni nchi ya magenge, watu wanapotea kila siku. Unawaitaje ndugu zetu kwenda huko?

Mtanga wa Calgary

Swali la haki na sitalikwepa. Jalisco ndiko kulikozaliwa moja ya magenge makubwa ya Mexico. Serikali ya Marekani kwa miaka kadhaa imekuwa ikiwaambia raia wake wasiende Colima, na wafikirie upya kuhusu Jalisco. Uwanja wa ndege ulio karibu na Melaque, wa Manzanillo, uko Colima. Hayo yajue kabla hujakata tiketi.

Niliyoyaona kwa macho yangu ni mji ambao bibi anafunga kibanda chake cha biashara saa tatu usiku na kutembea nyumbani peke yake. Lakini nilifuata yale wenyeji wanayofuata: barabara kuu mchana tu, hakuna madawa ya kulevya hata ya kuonja, hakuna kumpiga picha usiyemjua. Na kabla ya kila safari ya basi nilimuuliza mwenye nyumba, maana yeye anazo habari za leo.

Kwa hatari ya kila siku, ogopeni bahari zaidi. Upande wa Barra ufuo unashuka ghafla na wimbi linavunjikia miguuni, linaangusha mtu mzima. Mkitaka kuogelea nendeni kona ya magharibi ya Melaque, maji yametulia. Kwenye maji ya nyuma ya mji kuna mamba wa kweli, msioge wala msiachie mbwa. Nge wapo, kung'uta viatu kila asubuhi. Dawa ya sumu yake ipo vituo vya afya, akiuma mtoto msingoje.

Na matetemeko. Tarehe 9 Oktoba 1995 lilipiga tetemeko la kipimo cha 8 hivi, bahari ikafuata, na Melaque hoteli kubwa ya ufukweni ikaharibika vibaya. Ardhi ikitikisika kwa nguvu, usingoje tangazo, panda mlimani.

Kaka Houston

Vipi kuhusu sisi weusi? Huwa wanatuchukuliaje?

Mtanga wa Calgary

Kaka, wanakutazama. Mji ni mdogo na mweusi ni nadra, wengi walidhani sisi ni Wakuba au Wahaiti. Watoto waliomba kugusa nywele za mke wangu, naye akawaruhusu. Baada ya wiki chache tukawa «wale wa Tanzania», na fundi viatu akatafuta Kilimanjaro kwenye simu yake kutuonyesha kwamba anaijua.

Kwenye mabasi ya mbali ni tofauti. Ukifika kizuizi, aghalabu wewe ndiye unayeombwa hati kabla ya wengine. Inauma, sitasema haiumi. Tembea na pasipoti na uthibitisho wa kuingia nchini, jibu kwa utulivu.

Na mjue kwamba weusi wa Mexico wapo, tena wa enzi. Kaeni mkiwauliza wenyeji kuhusu Costa Chica, kusini huko Guerrero na Oaxaca. Sensa ya 2020 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.5 waliojitambulisha kuwa na asili ya Afrika, na katiba ikawatambua mwaka 2019. Vicente Guerrero, rais aliyefuta utumwa Mexico mwaka 1829, alikuwa na damu ya Kiafrika. Jimbo la Guerrero limepewa jina lake.

Jambiani Kwetu

Mimi nalitazama kutoka upande wa pili. Huku kwetu Unguja wageni wa msimu wanakuja, viwanja vya ufukweni vinapanda, mwenyeji anauza, anahamia ndani, baadaye anapita kwenye ufuo wake kama mgeni. Wewe na wastaafu wa Kanada huko Melaque hamuwafanyii wenzetu hayohayo?

Mtanga wa Calgary

Umesema jambo zito na nakushukuru. Ndiyo, tunachangia. Muuza nyanya aliniambia mwanawe ameoa na hapati nyumba ya kupanga mwezi wa 12, kwa sababu mwenye nyumba anangoja wageni. Wakati huohuo mume wa mama huyo anavusha watu kwa boti, na miezi mitano ya wageni ndiyo inayolisha mwaka mzima.

Tulichoweza: tulipanga kwa familia ya pale pale wanaoishi chini yetu, bila dalali wa mtandaoni. Tulinunua gulio la Jumatano na kwa wavuvi. Na tulijifunza Kihispania kabla ya kwenda, hili nalisisitiza kuliko yote. Wapo wageni wanaokuja kila mwaka na hawajui hata kusema habari za asubuhi. Wenyeji ni wapole hawasemi kitu, lakini wanaona.

Sokoine Drive

Na kununua kiwanja je?

Mtanga wa Calgary

Mgeni haruhusiwi kikatiba kumiliki moja kwa moja ardhi iliyo ndani ya kilomita 50 kutoka pwani. Wanaonunua wanapitia amana ya benki ya miaka 50 inayoweza kuongezwa. Tena ardhi nyingi za vijijini ni za jumuiya, na kuna wageni walilipa wakakuta karatasi hazina nguvu. Mkuu, kapange tu. Ardhi ya wenzetu tuwaachie, hata kwetu mgeni hamiliki.

Mama Rehema

Mwanangu nyumbani ulikuwa unapiga simu saa ngapi?

Mtanga wa Calgary

Shikamoo mama. Tofauti ni saa tisa. Saa tatu asubuhi kule ni saa kumi na mbili jioni Tanga, nampata mama yangu ametoka kuswali hajaanza kula. Intaneti ilitosha kwa picha.

Bint Lamu

Swali la mwisho kaka: tuanze lini kutafuta nyumba, na turudi lini?

Mtanga wa Calgary

Januari na Februari zinajaa mapema, anzeni kuulizia mwezi wa 5 au wa 6, watu wa mwaka jana wanapoondoka. Ukifika Novemba bila nafasi, lala nyumba ya wageni siku chache na uzunguke kwa miguu ukisoma vibao vya «se renta», yaani inapangishwa. Bei ya kibao huwa nafuu kuliko ya mtandaoni.

Kurudi, msiondoke kabla ya 17 Machi. Ni sikukuu ya San Patricio, mji unasherehekea zaidi ya wiki nzima: maandamano ya kanisa, bendi, na usiku uwanja wa kati wanasimamisha mnara wa fataki unaowaka ngazi kwa ngazi. Simameni mbali na vijana wanaokimbia na sanamu ya fahali ya matete iliyojaa fataki mgongoni. Baada ya hapo inakuja Wiki Takatifu, nusu ya Guadalajara inashuka pwani, kodi inapanda mara mbili na pa kukanyaga hakuna.

Nikipata nafasi nitaweka picha za minazi ya yule mzee, mzee wetu wa Msambweni azione.